Bwana na Bibi Katika Miji Miwili Mikuu

Miongoni mwa mambo ambayo kazi ya ulinzi humnyima mtu, lipo moja ambalo halitajwi katika hotuba za kumuaga mstaafu, wala halimo katika hesabu ya kiinua mgongo. Jambo hilo ni nafasi ya kutembea na mke wake bila ya haraka. Askari huhamishwa leo Arua, mwakani Mbarara, na mwaka unaofuata Moroto. Mkewe hubaki nyuma na watoto, shamba na karo za shule. Fedha hutumwa, salamu huja na kwenda, na likizo huwa ya siku chache ambazo nusu yake huishia katika matanga na madeni. Siku ya kustaafu inapowadia, watu wawili waliooana miaka mingi huketi kwenye meza moja kama wageni wanaojuana majina tu.

Habari ifuatayo ni ya mume na mke wa namna hiyo. Bwana ni sajenti mstaafu wa polisi wa Uganda. Bibi ni mshonaji wa gomesi, ambaye kwa cherehani yake aliwavusha watoto wanne shule ya msingi na ya sekondari. Binti yao wa kwanza ni muuguzi mjini London. Baba yake alipostaafu, binti huyo aliwanunulia wazazi wake tikiti za ndege ili wapumzike siku kumi na mbili: saba London na tano Paris.

Ukarimu huo ulizusha ubishi nyumbani. Sajenti alikuwa ameanza kujenga vyumba vinne vya kupangisha, na kuta zilikuwa zimekwisha simama zikingoja mabati. Tikiti zilikuwa bure, lakini ada za viza, bima, nauli ya treni na chakula vingelipwa na wao wenyewe. Sajenti alisema kwamba mtu mwenye akili hawezi kwenda kutazama mapaa ya wenzake wakati lake halijaezekwa. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mzee, nyumba itatungoja. Magoti yangu hayatangoja."

Walifikia mapatano ya haki. Vyumba viwili viliezekwa kwanza ili kodi ianze kuingia, na fedha zilizobaki zikawa za safari. Daftari la hesabu alikabidhiwa bibi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amelishika miaka yote.

MAANDALIZI

Yafaa wenye nia ya safari kama hii wafahamu kwamba viza moja haitoshi. Uingereza haimo katika mkataba wa Schengen, ambao Ufaransa na nchi nyingine nyingi za Ulaya zimo. Kwa hiyo msafiri wa London na Paris hupeleka maombi mawili, hulipa ada mbili, na huonyesha mara mbili vyeti vya benki, barua ya mwenyeji na uthibitisho wa kurudi nyumbani. Ombi likikataliwa, ada hairudishwi. Kwa sababu hiyo haifai mtu kukopa ili alipe ada hizo.

Kuhusu mavazi, Sajenti alinunua viatu vipya vya ngozi vilivyong'aa kama vya gwaride. Bibi alichukua vyake vya zamani ambavyo miguu yake ilikwisha vizoea. Kufikia siku ya tatu Sajenti alikuwa na malengelenge katika visigino vyote viwili, walakini hakusema neno.

SIKU ZA LONDON

Mji wa London ni mkubwa, na anayetaka kuumaliza kwa miguu atamalizika yeye. Watu wengi husafiri kwa treni za chini ya ardhi, ambazo zilianza mwaka wa 1863 zikiwa za kwanza duniani. Katika ngazi zinazojiendesha zenyewe, anayesimama hukaa upande wa kulia, na mwenye haraka hupita kushoto. Hakuna askari anayesimamia jambo hilo, na bado watu hulitii. Sajenti alilistaajabia kuliko majumba yote. Hali kadhalika alistaajabu kuona polisi wa doria wengi hawana bunduki. Jeshi hilo la polisi liliundwa mwaka wa 1829 na waziri Robert Peel, na hata leo watu humwita polisi "Bobby", yaani jina la kifupi la Robert.

Siku ya pili walikwenda Tower of London, ngome iliyoanzishwa na mfalme William Mshindi katika karne ya 11. Humo imo hazina ya mataji ya kifalme, na humo wamo walinzi wanaoitwa Yeoman Warders. Wageni wengi hudhani kwamba hao ni waigizaji waliovishwa mavazi ya kale. Sivyo. Kila mmoja wao lazima awe ametumika jeshini miaka isiyopungua 22, awe amefikia cheo cha juu cha wasio maofisa, na awe na medali ya utumishi mrefu na mwenendo mwema. Sajenti alipoelezwa hayo alijinyosha mgongo na kumpigia saluti mlinzi aliyekuwa mbele yao, naye akairudisha.

Bibi alikuwa na swali lake. Aliuliza kwa kinywa cha binti yake wake wa walinzi hao wanaishi wapi. Akajibiwa kwamba wanaishi humo humo ndani ya ngome pamoja na watoto wao, na kwamba milango yote hufungwa kila usiku kwa sherehe ya funguo iliyodumu karne nyingi. Bibi akatazama madirisha yenye mapazia, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi hawa hawakuhamishwa Moroto." Sajenti alisikia, akanyamaza.

Siku ya nne binti alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku, kwa hiyo wazee walitoka peke yao. Sajenti alitaka kuona walinzi wa Jumba la Buckingham wakibadilishana zamu saa tano asubuhi, kwa makoti mekundu na kofia ndefu za manyoya ya dubu. Hao ni wanajeshi kamili, na wengi wao huenda vitani kama wengine. Walishuka katika kituo cha Hyde Park Corner na kufuata njia iitwayo Constitution Hill, ambayo hutelemkia jumbani. Sajenti alitangulia kwa mwendo wa askari, hatua kumi mbele, kama alivyozoea tangu siku ya harusi. Alipofika kwenye uzio wa jumba, akapata nafasi nzuri, akageuka amwonyeshe mkewe, lakini hakumwona.

Mtu ambaye kwa miaka thelathini aliwatafutia wengine jamaa zao waliopotea sasa alipotelewa na wake mwenyewe, katika mji wa mamilioni, na simu ya mkewe ilikuwa mfukoni mwake pamoja na pasipoti zote mbili. Bendi ilianza kupiga. Makoti mekundu yalipita nyuma yake bila yeye kuyatazama, kwa kuwa alikuwa akipasua umati akirudi alikotoka, visigino vikimwaka moto.

Alimkuta pale pale juu ya njia, ameketi kwenye ukingo wa jiwe, mkoba wake mapajani. Mbele yake zilisimama nguzo nne nyeupe za mawe, kila moja ikibeba juu yake chungu cha shaba. Hayo ni Malango ya Ukumbusho, yaliyozinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka wa 2002 kwa heshima ya mamilioni ya watu wa Bara Hindi, Afrika na Karibi waliopigana upande wa Uingereza katika vita vikuu viwili.

"Umekaa hapa tangu lini?" Sajenti aliuliza, pumzi zikimpaa.

"Tangu uliponiacha," alijibu bibi. "Soma pale."

Palikuwa pameandikwa jina la Afrika. Bibi akamweleza kwamba babu yake mzaa baba alikuwa katika kikosi cha nne cha King's African Rifles, kikosi cha Uganda, na kwamba alipelekwa Burma. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ililishuka bonde la Kabaw, katika mvua, matope na malaria, ikiwasukuma Wajapani nyuma, hata mwanzoni mwa Desemba ikauteka mji mdogo ulio kando ya mto Chindwin. Babu alirudi na koti moja, medali na homa. Hakuzungumza sana juu ya vita, ila fahali wake mkubwa alimpa jina la mji ule.

"Kalewa," alisema Sajenti polepole.

Alimkumbuka fahali huyo. Siku aliyokwenda kujitambulisha kwa wakwe, mzee alikuwa akimwita kwa sauti kutoka malishoni, naye kijana wa polisi, mwenye Kiswahili cha kambini, alicheka moyoni akidhani kwamba mnyama ameitwa mlevi kwa ajili ya kuyumba kwake. Miaka yote hiyo alikuwa akiwachekesha wenzake kwa kisa cha fahali aliyelewa. Mkewe alikuwa akisikia kisa hicho kila mara, na kila mara wageni wakiwapo, kwa hiyo hakumsahihisha. Wakiwa peke yao, wakati haukupatikana kamwe: alikuwa akiwasili usiku na kuondoka alfajiri.

Sajenti alivua kofia. Hakuomba radhi kwa maneno, maana hakuwa mtu wa maneno. Aliketi kando yake juu ya jiwe, akavua viatu, na kwa mara ya kwanza akamwonyesha malengelenge. Bibi akatoa plasta katika mkoba, kwa kuwa alikuwa amezinunua tangu siku ya pili alipomwona akichechemea.

SHERIA MPYA YA MWENDO

Jioni ile waliweka sheria mbili. Ya kwanza: siku moja ataongoza bwana, siku ya pili bibi, na anayefuata halalamiki. Ya pili ilitoka kwa Sajenti mwenyewe, katika mafunzo aliyokuwa akiwapa makuruta: mwendo wa kikosi ni mwendo wa yule aliye wa mwisho. Pasipoti ya kila mmoja ilirudi kwa mwenyewe, na simu pia.

Siku iliyofuata ilikuwa ya bibi, naye alichagua kanisa la Westminster Abbey, akavaa gomesi ya buluu aliyoishona kwa safari hiyo. Ndani ya kanisa hilo limo kaburi la askari asiyejulikana jina, aliyezikwa tarehe 11 Novemba 1920 kwa niaba ya wote ambao miili yao haikutambulika. Wafalme wamezikwa chini ya sakafu hiyo na watu huwakanyaga wakipita, lakini kaburi la askari huyu halikanyagwi na mtu yeyote. Mwaka wa 1923 Elizabeth Bowes-Lyon, aliyekuja kuwa mama wa Malkia Elizabeth wa Pili, aliliwekea kaburi hilo shada lake siku ya harusi yake, akimkumbuka kaka yake Fergus aliyeuawa vitani mwaka wa 1915. Tangu hapo mashada ya maharusi wengi wa ukoo wa kifalme hupelekwa hapo. Bibi alisimama muda mrefu, na Sajenti hakutazama saa.

Kwa upande wa matumizi, daftari lilionyesha kwamba London haiwi ghali mahali pote. Jumba la makumbusho la British Museum, lile la vita liitwalo Imperial War Museum, na lile la jeshi lililoko Chelsea, yote huingiwa bila ya kiingilio. Chakula walikipika nyumbani kwa binti.

KUVUKA CHINI YA BAHARI

Kutoka London hadi Paris walisafiri kwa treni ipitayo katika shimo lililochimbwa chini ya bahari na kufunguliwa mwaka wa 1994. Shimo hilo lina urefu wa kilomita 50 hivi, na kilomita 38 kati ya hizo zi chini ya maji. Safari yote huchukua muda wa saa mbili na robo. Msafiri hukaguliwa na maofisa wa Ufaransa angali London, katika kituo cha St Pancras, kwa hiyo asiye na viza ya Schengen hurudishwa kabla ya kupanda. Saa za Paris zi mbele ya zile za London kwa saa moja, na asiyezirekebisha atakosa miadi yake ya kwanza.

Mjini Paris, tofauti na London, polisi wana silaha viunoni, na si ajabu kukutana na wanajeshi wenye bunduki wakipiga doria vituoni na mbele ya majumba mashuhuri. Doria hizo za wanajeshi ziliimarishwa baada ya mashambulizi ya mwaka wa 2015. Sajenti hakupendezwa wala hakuchukizwa. Alisema tu kwamba kila mji hulindwa kwa kadiri ya majeraha yake.

Siku ya kuongoza kwake aliamua waone jumba la Louvre, lililokuwa kasri la wafalme na kufunguliwa kwa umma mwaka wa 1793. Ilikuwa Jumanne. Louvre hufungwa kila Jumanne, na Sajenti hakuwa ameuliza. Walisimama mbele ya piramidi ya kioo na mlango uliofungwa. Zamani kosa la namna hiyo lingezaa ukimya wa siku mbili. Bibi alisema, "Jiwe lipo, maji yapo, twende tukayatazame," wakafuata ukingo wa mto Seine hadi kanisa la Notre-Dame. Kanisa hilo liliungua tarehe 15 Aprili 2019, paa lake la mbao na mnara wake vikaanguka, nalo likafunguliwa tena Desemba 2024 baada ya ukarabati wa miaka mitano. Kuingia ni bure. Sajenti alilitazama paa, akawaza juu ya mabati yake, akacheka peke yake.

Kwenye mnara wa Eiffel, uliojengwa kwa maonyesho ya mwaka wa 1889, ngazi za kufikia ghorofa ya pili ni 674. Mnara huo ulikusudiwa kubomolewa baada ya miaka ishirini. Uliponyeka kwa sababu ulifaa kwa mitambo ya simu ya upepo, ambayo jeshi liliihitaji. Bibi alimwambia mumewe apande, yeye atangoja majanini na chakula, simu mkononi. Kwenda pamoja si kufungwa kamba moja. Ni kila mmoja kujua mwenzake yuko wapi. Sajenti alifika ghorofa ya kwanza, akapunga mkono kuelekea majanini pasipo kuona mtu, akateremka.

Chakula cha Paris kina hekima zake. Kahawa inywewayo kwa kusimama kwenye kaunta aghalabu ni nafuu kuliko ile iletwayo mezani, na mkahawani mlaji akiomba jagi la maji ya bomba halipii. Katika soko la Château Rouge, lililo kaskazini ya mji, bibi alikuta mihogo, ndizi za kupika na samaki wakavu, akapika usiku huo katika chumba walichopanga chenye jiko.

MAKAO YA ASKARI WAZEE

Siku ya mwisho walikwenda Les Invalides. Wageni wengi huenda pale kwa ajili ya kaburi la Napoleon, ambaye mabaki yake yalirudishwa Ufaransa mwaka wa 1840. Lakini jumba lenyewe halikujengwa kwa ajili yake. Mfalme Louis wa 14 aliliamuru mwaka wa 1670 liwe makao ya askari waliolemaa au kuzeeka vitani, na hata leo sehemu yake ni hospitali na makao ya majeruhi. Uingereza nayo ina Royal Hospital ya Chelsea, iliyoasisiwa na mfalme Charles wa Pili mwaka wa 1682, ambamo wazee wa jeshi huishi wakivaa makoti mekundu; wanawake wastaafu wa jeshi walianza kupokewa humo mwaka wa 2009. Falme mbili zilizopigana mara nyingi ziliona jambo moja: asiyemtunza askari mzee atakosa askari kijana.

Jioni walikwenda kwenye Tao la Ushindi, ambako chini yake amelala askari asiyejulikana wa Ufaransa. Moto uliowashwa kaburini pake mwaka wa 1923 huchochewa upya kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni. Sajenti na mkewe walisimama bega kwa bega hadi sherehe ikaisha.

Baada ya kurudi nyumbani, daftari lilifungwa likiwa na baki ndogo, na mabati ya vyumba viwili vya mwisho yalinunuliwa miezi mitano baadaye kwa kodi ya vyumba viwili vya kwanza. Si kila familia ina binti London, wala si lazima iwe naye. Maporomoko ya Murchison yapo, chanzo cha Nile pale Jinja kipo, na makaburi ya Kasubi, yaliyoungua mwaka wa 2010, yamekwisha jengwa upya. Nauli ya basi na siku mbili za likizo zatosha.

Ila jambo moja lisisahauliwe na walio bado kazini. Wafaransa wana Les Invalides na Waingereza wana Chelsea. Kwetu, kwa walio wengi, makao ya askari mzee ni nyumba yake mwenyewe, na mtunzaji wake ni yule aliyekuwa akimwacha hatua kumi nyuma. Ni busara kumngoja mapema.